Kujipigia ramli Nairobi: kadi za picha zako au kete za njiani?

Anayetaka zana yake mwenyewe ya kuagulia, isiyotoka dukani wala kwa mganga, ana njia mbili zilizo karibu naye. Ya kwanza imo ndani ya simu: picha alizopiga mwenyewe, zichapishwe ziwe kadi. Ya pili iko chini ya miguu: mbegu, kokwa, vijiwe, kauri na maganda ya miti, vitu vya kurusha na kusoma. Hivi vya pili nitaviita kete, vyote kwa pamoja, ili nisirudierudie orodha.

Watu huuliza ipi bora kana kwamba zinafanya kazi moja. Hazifanyi. Picha husema kwa kile kilichomo ndani yake, kete husema kwa namna na mahali zilipoangukia. Nikilazimishwa kumchagulia mtu nisiyemjua hata kidogo, nitampa kete. Lakini wako watu ambao ningewanyima kete kabisa, na nitawataja.

Niseme pia ninachokiita uaguzi hapa. Sidai kwamba kadi inaijua kesho. Nazungumzia kitu kinachomfanya mtu alitazame swali lake kutoka upande asiouzoea, kwa kuwa jibu halikupangwa naye. Kwa mtu wa dini, Sura ya Al-Maida aya ya 90 imetaja ramli ya mishale pamoja na ulevi na kamari, na Kumbukumbu la Torati mlango wa 18 nao hauna maneno ya kuzunguka. Anayeona makatazo hayo yanafika mpaka kwenye meza yake ya jikoni, makala haya hayamhusu, wala simshawishi.

Zote mbili zina wazee wao

Kadi zina ukoo wa mbali. Tarot ilianza Italia katika karne ya 15, ikiwa mchezo wa karata. Kadi 78 ambazo wengi wanazijua leo zilichorwa na Pamela Colman Smith na kutolewa London mwaka 1909. Alichofanya ni kuzijaza hata kadi za namba watu na matukio, mahali ambapo kadi nyingi za zamani ziliweka vikombe au panga tu. Wewe unayetumia simu unafanya kazi ileile: kutafuta tukio litakalobeba hali fulani.

Kete zina ukoo wa hapa hapa. Mundu mugo, yaani mganga wa Wakikuyu, na mwenzake wa Ukambani walimimina mbegu na vijiwe kutoka kwenye kibuyu, wakahesabu. Washona wa Zimbabwe wana hakata, vibao vinne vinavyorushwa. Waganga wa Ifa, uaguzi wa Wayoruba wa Nigeria, hurusha mkufu wenye vipande vinane. Ramli ya pwani hupigwa kwa nukta, na maumbo yake ni 16. Hakata nazo zikianguka hutoa maangukio 16, kwa sababu vibao vinne vyenye pande mbili haviwezi kutoa zaidi ya hapo. Hesabu hii tutaihitaji mbele.

Za kuchapa na za kuokota

Kuchapisha ni rahisi kupita kiasi. Saiba yoyote ya mtaani itakuchapia, na ukitaka kazi safi nenda kwa wachapaji wa River Road, ambao hukata kadi za biashara kila siku. Waambie unataka karatasi ngumu ya gramu 300, saizi ya karata ya kawaida, takriban sentimita 6 kwa 9, na leminesheni isiyong'aa. Ile inayong'aa huakisi taa, na kadi huteleza hovyo ukizichanga. Picha 30 zinatosha.

Ugumu uko ndani ya simu yenyewe. Fungua uone umepiga nini: harusi, mahafali, nyama choma, mtoto akicheka, ufuo wa Diani. Seti iliyotengenezwa kwa hizo itajibu shangwe kwa kila swali, hata ukiuliza kuhusu deni. Kwa hiyo mwenye kuchagua picha lazima atoke akapige asichowahi kupiga. Foleni ya Huduma Centre. Kufuli mlangoni. Mshumaa usiku stima ikipotea. Barabara ya mtaani ikiwa imegeuka mto mwezi wa Aprili. Sahani iliyobaki mifupa. Steji saa kumi na moja alfajiri, hakuna mtu wala gari. Korongo marabu waliojipanga juu ya migunga ya Mombasa Road nao ni kadi ya thamani kubwa, maana hata mimi sijaamua kama wanaashiria subira, uchafu, au yule anayengoja wenzake waanguke. Kadi ambayo hujaimaliza kuielewa ndiyo inayofaa. Kanuni yangu ni kwamba theluthi ya seti iwe ya mambo yanayokera.

Kete, kwa upande wake, hazibembelezi. Tatizo lake ni kuzipata zinazofaa, na hapo Nairobi ina utajiri ambao watu huukanyaga. Mjakaranda, mgeni kutoka Amerika Kusini, huchanua kati ya Septemba na Novemba na watu hupiga picha maua. Mwaguzi asubiri maganda. Ganda la mjakaranda ni la mviringo, gumu kama ubao, na likikauka hupasuka vipande viwili vyenye tumbo na mgongo usiofanana. Hiyo ni kete iliyotengenezwa tayari, na kando ya barabara za Kilimani utaokota bila kumlipa mtu. Mbegu ya kahawa pia ina pande mbili, bapa yenye mfereji na ya mgongo. Komwe za pwani, zile za kijivu zinazochezewa bao, hazina tumbo wala mgongo, hivyo hazifai kwa ndiyo na hapana lakini ni nzuri sana kwa kusomwa mahali zilipotua. Kokwa la parachichi usihangaike nalo: hunywea, hupasuka, huota kuvu.

Kauri utazipata Maasai Market kwa wauza shanga. Chagua zilizokatwa mgongo kwa ajili ya kushonewa, zinalala vizuri pande zote mbili. Muuzaji akiuliza, "Ni za mkanda?" nawe ukajibu, "Hapana mama, za kurusha," usishangae akakuambia uchague kwa mkono wako mwenyewe, yeye asije akatajwa baadaye.

Kuna vya kuacha palepale vilipo. Mbegu za mtipitipi, nyekundu zenye doa jeusi, zina sumu ya kuua zikitafunwa, na mbegu nyekundu za muhuti nazo zina sumu. Nyumba yenye mtoto isizihifadhi. Miba ya nungu, meno, gamba la kobe, manyoya ya ndege wa porini: sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 haimruhusu mtu kuwa navyo bila kibali, hata kama uliviokota tu. Karura, msitu ambao Wangari Maathai aliupigania, na Arboretum, bustani ya miti iliyoanzishwa mwaka 1907, si mahali pa kujaza mfuko. Ukitaka ganda moja muulize askari wa langoni. Na kijiwe cha Mto Nairobi, hata kikiwa kizuri namna gani, kimelala kwenye maji taka.

Maana inatoka wapi

Hapa ndipo zana hizi mbili zinapoachana kabisa.

Picha huzaliwa na maana. Picha ya jiko la mama yako ikitokea, hutafsiri chochote, unakumbuka. Moshi, sauti, ugomvi wa Krismasi ile, vyote vinafika kabla hujamaliza kuiweka mezani. Kwa mtu ambaye hajui anahisi nini kuhusu jambo lake, hakuna kitu cha haraka kuliko hicho. Picha inamfungua mdomo. Nimeona watu wasioweza kusema sentensi mbili kuhusu ndoa yao wakizungumza kwa muda mrefu juu ya picha ya lango lililofungwa.

Lakini nguvu hiyo ndiyo maradhi yake. Picha husema hata isipoulizwa. Uliuliza kuhusu kazi, ikatokea kadi ya kituo ulichoagania na mtu, basi jioni nzima ni ya mtu huyo. Tena maana huzeeka: picha ya nyumba uliyoipenda mwaka juzi leo ni picha ya nyumba uliyofukuzwa. Seti ya picha inahitaji kukaguliwa mara kwa mara, kadi nyingine zitoke, nyingine ziingie, la sivyo unajiagulia kwa maisha uliyokwisha kuyahama.

Ganda la mjakaranda halijui lolote kukuhusu. Maana lazima uipe wewe, na uipe mapema. Chukua maganda manne, uyatie alama ili uyatofautishe: moja liwe la nyumba, moja la pesa, moja la mwili, moja la watu. Kila moja likiangukia tumbo au mgongo, una maangukio 16, yaleyale ya ramli na ya hakata. Sasa keti na daftari uandike sentensi 16 kabla ya kurusha mara ya kwanza. Ni kazi, na wengi huachia hapo. Anayeimaliza ana zana ambayo haitambembeleza.

Kwa nini kabla? Mwaka 1948 mwanasaikolojia Bertram Forer aliwapa wanafunzi wake maelezo ya tabia za kila mmoja, akawaomba wapime yamelenga kiasi gani. Wastani ulikuwa 4.26 kati ya 5. Kisha wakajua kwamba wote walikuwa wamepewa maelezo yaleyale. Binadamu akiletewa maneno mapana huyashona mwenyewe mpaka yamkae. Picha ni pana kuliko maneno, kwa hiyo mwenye kadi yuko hatarini zaidi: chochote kitakachotokea kitafaa. Sentensi iliyoandikwa jana haikubali kunyooshwa kirahisi hivyo. Kama unataka picha, andika nazo sentensi moja moja kwenye daftari. Usiandike mgongoni mwa kadi, utazitambua.

Ni nani anayechagua, wewe au bahati?

Kadi iliyopinda pembe inajulikana. Yenye doa la chai inajulikana. Iliyochapwa siku nyingine kwa karatasi yenye weupe tofauti inajulikana, na mkono utaikwepa au kuifuata bila wewe kuamua. Chapisha zote siku moja, chapisha na nakala chache za akiba.

Kuzichanga nako kuna kiasi chake. Mwaka 1992 Dave Bayer na Persi Diaconis walionyesha kwamba karata 52 zinazogawanywa mafungu mawili na kuchomekwa pamoja huhitaji kama mara saba kuchanganyika vya kutosha. Zako ni 30, zenye leminesheni, na pengine hujui kuzichomeka. Zitawanye mezani kifudifudi uzikoroge kwa mikono miwili, inatosha. Kati ya kadi 30, kuna seti za kadi tatu 4,060, kwa hiyo usiogope kuishiwa.

Kwenye kete mtego uko kwenye vidole. Ukiweka vitu mbalimbali mfukoni na kuchota kimoja, umeshajua ni kipi kabla hakijatoka, kwa ubaridi wa jiwe na wepesi wa ganda. Vitu vya maumbo tofauti virushwe, visichotwe. Anayependa kuchota atafute vya umbo moja, kwa mfano vipande vya jiwe laini la Tabaka, Kisii, linalochongeka kwa kisu na kulainishwa kwa msasa, kisha akwaruze alama juu yake.

Na ukirusha kete nne na kuhesabu tu ngapi zimeangalia juu, kumbuka majibu hayako sawa. Kama kila kete ina nafasi nusu kwa nusu, matumbo mawili na migongo miwili hutokea mara 6 kwa kila 16, matumbo yote manne hutokea mara 1 tu kwa 16, na migongo yote minne vivyo hivyo. Kauri hazina hata hiyo nusu kwa nusu, kila moja ina upande inaoupenda. Kwa hiyo jibu la katikati lipe maana nyepesi, "ngoja" au "endelea ulivyo", na yale ya pembeni uyape mambo mazito. Atakayeliwekea jibu la katikati maana ya "acha kazi" atakosa kazi mapema.

Swali moja, zana mbili

Tuseme mtu anaishi mtaa wa Umoja na anafikiria kuhamia Rongai, nje kidogo ya jiji, kwa sababu kodi huko inamwezesha kupata chumba cha ziada.

Mwenye picha anachomoa kadi tatu. Steji alfajiri. Jiko la mama. Korongo juu ya mgunga. Ya kwanza inamkumbusha kwamba atakuwa anaamka gizani. Ya pili inamshtua: chumba cha ziada ni cha nani? Huenda hakuwa amekiri hata moyoni kwamba anataka mama aje kukaa naye. Ya tatu anaiacha, haimwambii kitu leo, na ni haki yake. Ameondoka na swali jipya, zito kuliko la kwanza. Hana uamuzi.

Mwenye kete anatandika leso. Hapa niwashauri msitumie kitambaa kitupu mkiwa na leso ndani ya nyumba. Leso ina pindo la ukingoni, ina mji wa katikati, ina jina, yale maneno yake. Mji ni kilicho mikononi mwako, pindo ni kilicho nje ya uwezo wako, na kitu kikitua juu ya jina, maneno yaliyoandikwa pale yanakihusu. Anarusha komwe ya nyumba, mbegu ya kahawa ya pesa, kijiwe cha safari na kauri ya jamaa. Nyumba inatua katikati ya mji, na kijiwe cha safari kimeigusa. Pesa imekwenda pindoni. Kauri iko mbali, peke yake. Usomaji wake hauhitaji machozi: safari imeingia ndani ya nyumba, na pesa aliyodhani ndiyo sababu imesimama pembeni. Apige hesabu ya nauli ya mwezi mzima na saa atakazomaliza barabarani kabla ya kulipa amana. Amepata jambo la kufanya kesho. Kuhusu mama hajaambiwa kitu, labda kwa kuwa hakuwa na kete ya kumwakilisha.

Ndiyo maana nasema zana hizi si mbadala. Picha zinaweza kuleta jambo ambalo hukulitaja. Kete zinapanga yale uliyoyataja na kukuonyesha kipi kiko karibu na kipi.

Watakaoziona

Nyumba za Nairobi ni ndogo na mlango hubishwa wakati wowote. Kadi za picha za mitaa zikikutwa mezani ni picha tu. Utasema unajifunza upigaji picha. Mfuko wenye kauri na vijiwe juu ya leso ni hadithi nyingine, na itafika kwa mwenye nyumba kabla yako. Kwa faragha, basi, picha zinashinda, isipokuwa zikiwa na sura za watu. Usiweke uso wa mtu aliye hai, sembuse wa jirani. Siku atakapojua sura yake imo kwenye kadi zako za ramli, hataelewa kwamba ulikuwa unatafakari. Ataelewa kwamba anarogwa, na hofu yake itakuwa ya kweli hata kama nia yako ni safi. Sheria ya Uchawi, Sura ya 67, iliyoanza mwaka 1925, huwalenga wanaojidai kuwa na nguvu na kutisha au kudhuru wengine. Kujiagulia mezani kwako si hilo, lakini usijitafutie siku ya kulieleza kituoni.

Kudumu, kwa ufupi: karatasi huogopa unyevu wa Juni na Julai, mbegu huogopa fukusi. Anika mbegu juani, zifungie kwenye mkebe pamoja na majani makavu ya mwarobaini.

Basi nani achukue ipi

Kete ni za mtu mwenye hisia nyingi na maamuzi machache: anayezungumza na marafiki watano kuhusu jambo moja na bado hajui. Anahitaji kitu kisichomhurumia, chenye kanuni alizoandika akiwa ametulia. Ni za mwenye subira ya kuandika sentensi 16. Na ni za asiye na pesa, kwa kuwa gharama ni mguu tu.

Ningemnyima kete mtu anayerusha tena na tena mpaka apate jibu analolitaka. Kete zinarushika haraka mno, na kwake zitakuwa kamari. Huyo apewe picha, kwa kuwa kadi tatu zikitazamwa vizuri huchosha, na hatakuwa na hamu ya nyingine tatu usiku huo. Picha pia ni za aliyefiwa, aliyehama, aliyeachwa, mtu ambaye hana swali ila ana uzito. Na ni za wanaopenda kazi ya kutengeneza kuliko ya kutumia, ambao ni wengi kuliko wanavyokubali. Miezi ya kutembea mjini na kupiga kufuli na foleni itawapa zaidi ya kadi zenyewe.

Kwa anayekataa kuchagua, uko mchanganyiko mmoja ninaoupendekeza. Piga picha moja ya mahali swali lako lilipo: ploti, ofisi, shamba, mtaa unaotaka kuhamia, ikiwezekana kutoka ghorofani ili njia na paa zionekane. Ichapishe saizi ya A3, uitandike badala ya leso, urushe mbegu za kahawa juu yake, usome zilipotua. Mwambie wa saiba asiitie leminesheni, maana mbegu zitateleza zote ziishie sakafuni, na tandika taulo chini yake zisidunde.